Maji Yanayotoroka: Mwongozo kwa Asiyejua Yatakayomfika

Hongera. Umepewa kabati la hali ya hewa, bakuli la maji, ndoo ya udongo na muda wa wiki sita, ukaambiwa upime uvukizi. Aliyekupa kazi amekuhakikishia kwamba ni nyepesi: pima uzito, subiri, pima tena, toa. Hesabu ya darasa la pili. Usimchukie. Naye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemtangulia, na hadi leo hajamaliza kulipa deni lake la usingizi.

Kabati lenyewe ni sanduku linaloigiza hali ya hewa. Lina joto lake, unyevu wake, upepo wake wa feni na jua lake la taa. Neno "kuigiza" ulishike vizuri. Mwigizaji hodari hububujikwa machozi jukwaani, lakini ukimfuata nyuma ya pazia utamkuta anakula chipsi. Kazi yako kwa wiki sita hizi ni kuchungulia nyuma ya pazia.

Jambo jingine la mwanzo: usichanganye kuvukiza na kufukiza. Kufukiza kunataka udi, chetezo na wageni wa harusi. Kuvukiza kunataka maji tu, wala hakuachi harufu. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba anayefukiza anajua barabara ni kiasi gani kimeteketea, maana udi ni ghali na ameununua mwenyewe. Wewe maji umeyapata bure bombani, na hapo ndipo uzembe unapoanzia.

Kwa nini hukubaki nje

Njia ya kizamani ipo nje, nayo ni beseni la mabati liitwalo Daraja A: upana sentimita 120.7, kina sentimita 25 hivi, limekaa juu ya fremu ya mbao kwenye vituo vya hali ya hewa katika nchi nyingi. Maji yakishuka milimita 1, lita 1.14 zimeondoka. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Uwanjani kuna kunguru. Kunguru hunywa, huoga, kisha huita jamaa zake. Ukifunika beseni kwa wavu wa waya kunguru watakoma, lakini wavu nao hupunguza uvukizi kwa asilimia 10 hivi; umemfukuza mwizi ukamwajiri ndugu yake awe mlinzi. Na hata kunguru wasipokuwepo, beseni hupoteza maji mengi kuliko ziwa lililo jirani, kwa kuwa jua hulipiga bati ubavuni. Ndiyo maana wapimaji huizidisha namba ya beseni kwa 0.7 hivi kabla ya kuisema mbele ya watu wa ziwani.

Basi watu wakakimbilia ndani. Mmoja wa waliotangulia ni Edmond Halley, yule wa nyotamkia. Mwaka 1687 alitoa taarifa ya jaribio lake: alichukua sufuria ya maji, akayatia chumvi yafanane na ya bahari, akaitundika kwenye mizani, akaipasha kwa makaa mpaka joto la kiangazi cha Uingereza, akapima upungufu wa saa mbili. Kutoka hapo akapiga hesabu kwamba Bahari ya Kati nzima hupoteza tani milioni 5,280 kwa siku moja ya kiangazi. Saa mbili, sufuria moja, bahari nzima. Kila aliyewahi kupima uvukizi amewahi kutamani kuruka namna hiyo. Halley alikuwa Halley. Wewe baki kwenye sufuria kwanza.

Ndani hakuna kunguru. Ndani kuna wewe, ambaye ni hatari zaidi. Kunguru hunywa maji, lakini haandiki ripoti.

Nauli, viti na gari linalofuata

Kabla hujagusa swichi, jifunze mambo matatu. Yamewekwa hapa kwa lugha ya stendi ili yasikutoke kichwani.

La kwanza ni nauli. Hakuna gramu ya maji inayopanda hewani bure. Katika joto la kawaida la chumba kila gramu hulipa kilojuli 2.45 hivi. Kupasha lita moja ya maji ya chai kutoka nyuzi 20 hadi 100 hula kilojuli 335. Kuiondoa lita hiyo hiyo iwe mvuke, bila hata kuchemka, hula kilojuli 2,450. Zaidi ya mara saba. Nauli hiyo lazima itoke mahali: kwenye taa, kwenye hewa, kwenye meza, kwenye kuta, au kwenye mfuko wa maji yenyewe, ambayo hapo hupoa.

La pili ni viti. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 hubeba gramu 30 hivi za mvuke, basi. Ya nyuzi 20 hubeba 17. Na hewa haifanani na daladala: ikijaa, imejaa kweli, hakuna wa kuambiwa asogee nyuma.

La tatu ni gari linalofuata. Hewa iliyoshiba mvuke ikiganda juu ya maji, safari zimekwisha. Upepo ndio unaoliondoa gari lililojaa na kuleta tupu. Mwaka 1802 John Dalton aliliweka jambo hili kwa adabu za kisayansi: kasi ya uvukizi hufuata tofauti kati ya kanieneo ya mvuke kwenye uso wa maji na ile ya hewa iliyo juu yake, na upepo huiongeza kasi hiyo. Hakutaja daladala, lakini alikuwa Manchester na hazikuwepo.

Kuanzia sasa, kila namba utakayoiona kwenye kioo iulize maswali matatu ya konda. Nauli kalipa nani? Kiti kilikuwepo? Gari liliondoka? Namba isiyoweza kujibu, ishushe.

Kumjua mwenye kabati

Kabati litakuonyesha namba mbili kubwa za kijani: joto 30.0, unyevu 50.0. Hiyo sifuri ya mwisho ni mapambo. Kihisio kinachotoa namba hizo kimefungwa karibu na feni, pembeni juu, mahali ambapo bakuli lako halitakaa kamwe. Ni sawa na kumuuliza mtu wa Arusha kama Tanga kuna joto. Weka vihisio vyako mwenyewe, kimoja juu kidogo ya maji na kingine mbali kidogo, ushangae.

Halafu sikiliza. Kompresa huwaka, hupumzika, huwaka. Ikiwaka, bomba la baridi huvuta unyevu kutoka hewani na kuugeuza matone. Ikipumzika, joto hupanda taratibu. Kabati lako haliishi kwenye nyuzi 30. Linapita hapo mara kwa mara likielekea kwingine, kama mlevi anavyopita katikati ya barabara.

Sasa hesabu viti. Kabati la mita moja ya ujazo, nyuzi 30, unyevu asilimia 40, lina nafasi ya gramu 18 tu za ziada. Vijiko vinne vya maji, gari limejaa. Kwa hiyo lile bomba la baridi linafanya kazi ya kushusha abiria mchana kutwa, na maji yaliyotoroka kwenye bakuli lako yanadondoka nyuma ya kabati kupitia kijimrija ambacho hakuna anayekitazama. Kitazame wewe. Kinga matone yake kwenye chupa, yapime. Yakilingana na upungufu wa bakuli, hesabu yako ina afya. Yakizidi, kuna maji yanaingia kutoka mahali, na mara nyingi mahali hapo ni mlango, ambao unaufungua kila nusu saa kuangalia kama mambo yanaendelea vizuri. Yalikuwa yanaendelea vizuri mpaka ulipofungua.

Unyevu una mtego wa pili, na wengi wamelala humo. Asilimia 50 ya unyevu katika nyuzi 20 na asilimia 50 katika nyuzi 30 zina jina moja, lakini si ndugu. Katika nyuzi 20 hewa hiyo ina upungufu wa kanieneo ya mvuke wa kilopaskali 1.17, katika nyuzi 30 upungufu ni 2.12. Viti vitupu vimekaribia kuongezeka maradufu, na daftari lako limeandika "unyevu haukubadilika". Na ukienda kwenye hewa iliyoshiba ndiyo balaa. Kihisio cha kawaida hukosea asilimia 2 kwenda juu au chini. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 90, viti vilivyobaki ni 10 kwa mia. Kosa la 2 hapo ni sehemu moja kati ya tano ya jibu lako lote.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Chukua chumvi safi, iloweshe kwa maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito wenye chembe zisizoyeyuka, iweke kwenye chupa yenye mfuniko pamoja na kihisio, subiri siku moja. Katika nyuzi 25 hewa ya humo itatulia kwenye asilimia 75. Kihisio kikisema 81, usibishane na chumvi.

Bakuli, na kosa la mara nne

Bakuli linaonekana halina la kusema. Lina mengi. Ukilijaza mpaka ukingoni, upepo hupita sambamba na maji. Ukilijaza nusu, ukingo unageuka ukuta, na nyuma ya ukuta hewa hulala. Na kwa kuwa maji yanapungua, ukuta unakua kila saa: uvukizi utaanza kwa kasi, utapungua, nawe utaandika aya tatu za nadharia kueleza kitu ambacho ni ukingo wa bakuli. Tumia chupa ya Mariotte, ile inayoongeza maji yenyewe ili uso ubaki kimo kilekile. Imekuwepo tangu karne ya 17, kwa hiyo huwezi kusema hukupewa taarifa.

Upande wa nauli, bakuli lina mjomba tajiri. Ukiliweka juu ya rafu ya chuma, joto hupanda kutoka chini na kuingia kutoka ubavuni, na maji hupanda gari kwa fedha ya rafu. Lifunge kwa sponji au povu zito pande zote isipokuwa juu. Nje, ziwa halina ubavu wa bati.

Sasa lile kosa kubwa. Hewa ya kabati ni nyuzi 30, unyevu asilimia 50. Utadhani maji nayo ni nyuzi 30, maana yamekaa humo tangu jana. Hayako hivyo. Yanalipa nauli kila sekunde, na kama hakuna mjomba wa kuyalipia, yanalipa kwa joto lake yenyewe. Yakifungwa vizuri pembeni, bila taa, yatashuka kuelekea nyuzi 22. Ukipiga hesabu ya Dalton kwa uso wa nyuzi 30, tofauti ya kanieneo ni kilopaskali 2.12. Kwa uso wa nyuzi 22, ni kama 0.5. Umekosea mara nne, na kabati lote linafanya kazi kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya kiwandani.

Bibi yako alilijua hili bila kilopaskali. Mtungi wa udongo hutoa jasho, jasho huondoka na joto la maji, maji hubaki ya baridi mchana wa Februari. Ndiyo sababu aliuweka kivulini penye upepo, wala hakuuweka juani, wala hakuufunika kwa nailoni. Mtungi ni kabati la hali ya hewa lisilo na kioo cha kijani, na mwenye nao hajawahi kudhani kwamba maji yaliyomo yana joto sawa na la uani.

Kupima joto la uso wa maji ni kazi ngumu kiasi kwamba Howard Penman, aliyekuwa akifanya kazi Rothamsted huko Uingereza, mwaka 1948 alichapisha kanuni yake mashuhuri ya uvukizi kutoka maji wazi, udongo mtupu na majani, na ujanja wake mkubwa ulikuwa kulikwepa joto hilo kabisa: aliunganisha hesabu ya nauli na hesabu ya viti ili joto la uso lifutike katikati. Wewe una kabati, una kihisio cha mionzi ya joto kinachotazama maji bila kuyagusa. Usikwepe. Pima.

Mizani na dada wa usafi

Bakuli lenye upana wa sentimita 10 likipoteza milimita 5 kwa siku, hupoteza gramu 1.6 kwa saa. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja itakuonyesha ngazi, na wewe utazichora kama mteremko. Tafuta inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Haba na haba hujaza kibaba, methali inasema. Yako inasema haba na haba hukikausha, na lazima uione kila haba ikitoka.

Mizani nzuri ina wivu. Upepo wa feni ukipita juu ya bakuli huliinua au kulikandamiza kidogo, na hilo kidogo linazidi gramu unazozitafuta. Kompresa ikiwaka, meza hutetema. Joto la kabati likipanda, mizani yenyewe huhama. Njia ni mbili: soma uzito mara nyingi kwa sekunde kadhaa na uchukue wastani, au zima feni nusu dakika kila unaposoma, na uandike kwamba ulizima. Kisha weka juu ya mizani ya pili kipande cha chuma ambacho hakivukizi, kwenye kabati lilelile, wiki nzima. Chuma kikipungua uzito usiku, si chuma kilichotoroka.

Halafu kuna watu. Dada wa usafi ni mtu mwema. Jioni ataona bakuli lako limepungua maji, na kwa kuwa nyumbani kwake maua hayanyauki, atakuongezea. Asubuhi utakuta uvukizi hasi, na utakaa siku mbili ukiwaza juu ya umande. Bandika karatasi: USIGUSE. Kisha bandika nyingine ya kueleza kwa nini, maana neno "usiguse" bila sababu ni mwaliko.

Jua la kuazima

Jua la mchana kwenye anga safi hutupa kama wati 1,000 kwa kila mita mraba ya ardhi. Karibu nusu ya nishati yake ni mionzi tusiyoiona, ile inayochoma ngozi kwa joto. Taa za LED za kisasa zinang'aa sana na mionzi hiyo hazina. Bakuli chini yake linapata sifa nyingi na nauli kidogo. Taa za halojeni ni kinyume chake: zinatoa joto jingi, na sehemu ya joto hilo hupasha hewa na kuta za kabati. Sogeza taa karibu, katikati ya bakuli kutaungua na pembeni kutabaki baridi kama Njombe. Kabla ya kuweka maji, tembeza kipimo cha mionzi juu ya eneo lote, mraba kwa mraba, uchore ramani. Utagundua kwamba jua lako lina kata na vijiji.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna kabati linalokiuza: mbingu. Usiku ulio wazi, ardhi na maji hupeleka joto juu, na anga hurudisha kidogo kuliko lilivyopokea. Ndiyo maana alfajiri kuna umande. Ndani ya kabati juu kuna dari yenye nyuzi 30, na dari hiyo inamiminia bakuli lako mionzi ya joto kama wati 480 kwa mita mraba, mchana na usiku, bila kuonekana wala kulipwa. Usiku wa kabati si usiku. Ni mchana uliozimiwa taa. Ukitaka kuandika "uvukizi wa usiku", andika kwanza joto la dari.

Udongo: abiria wanaotoka mbali

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo wengi hufia. Maji ya bakuli yote yapo kituoni. Maji ya udongo yapo kijijini, lazima yatembee.

Udongo ukishalowa kabisa, kwa muda huvukiza karibu sawa na maji wazi. Abiria wamejaa kituoni, kinachoamua ni nauli, viti na gari. Hii ndiyo hatua ya kwanza, na namba yake hukaa tambarare kwa saa au siku kadhaa, ikikudanganya kwamba umeshamaliza kazi. Chini yake kuna shughuli: maji yanapanda kwa njia nyembamba kama uzi katikati ya punje, yakivutwa na nguvu ile ile inayolowesha kitambaa kilichotumbukizwa ncha. Kwa muda wote uzi huo unapofika juu, uso hubaki na unyevu. Siku unapokatika, maji hubaki chini, na kutoka hapo huja kwa miguu: yanageuka mvuke ndani ya ardhi na kupenya tabaka kavu taratibu. Hiyo ni hatua ya pili. Kasi huanguka.

Mwaka 2008 Peter Lehmann, Shmuel Assouline na Dani Or walieleza ni nini kinachoamua urefu wa uzi huo: tofauti ya mvuto kati ya matundu makubwa na madogo ya udongo, ikishindana na uzito wa maji na msuguano wa njiani. Kwa mpimaji maana yake ni moja: chombo chako kikiwa kifupi kuliko uzi, uzi hautakatika mpaka maji yaishe. Utaandika kwamba udongo huu ni mkarimu ajabu. Udongo haukusema hivyo. Ndoo ndiyo iliyosema.

Utajuaje kwamba hatua ya pili imefika? Kuna ishara mbili. Ya kwanza, joto la uso litaanza kupanda, kwa sababu nauli bado inaletwa na abiria hawafiki, basi fedha inabaki kituoni. Ya pili, ongeza kasi ya feni. Katika hatua ya kwanza uvukizi utaitikia. Katika ya pili utakaa kimya, maana kuongeza magari hakusaidii mtu aliye kilomita nane porini. Mkulima anayepalilia juu juu baada ya mvua ana hekima hiyo hiyo: jembe hukata uzi karibu na uso, vumbi la juu linakauka upesi na kugeuka blanketi kwa unyevu wa chini. Hakuita hatua ya pili. Aliita kuwahi.

Sasa namna ya kujaza ndoo. Ukimwaga mchanga kutoka juu, chembe nzito na nyepesi hupangana matabaka, nawe umetengeneza udongo ambao haupo popote duniani. Jaza kidogo kidogo, ukigonga pande. Maji yaingize kutoka chini, polepole, ili hewa ipate njia ya kutoka; ukimwaga kutoka juu, mapovu yatabaki ndani kama wapangaji wasiolipa. Mfinyanzi una kisirani chake: ukikauka hujikunja, huachana na ukuta wa ndoo na kupasuka katikati, na ghafla uvukizi unatoka kwenye nyufa ambazo hukuzipima. Na ukitumia maji ya bomba yenye chumvi, wiki ya tatu utaona utando mweupe juu: maji yameondoka, chumvi imebaki, na utando huo unaanza kuzuia wenzake. Tumia maji yaliyotoneshwa, isipokuwa kama unachotaka kujua ni kinachotokea shambani, maana shambani hayamwagiliwi yaliyotoneshwa.

Mwisho wa yote chukua udongo huo, utie kwenye tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24, upime uzito wake mkavu. Bila hiyo namba hujui ulianza na maji kiasi gani, na wiki zako sita ni hadithi nzuri.

Huko Colorado, Marekani, watafiti wameunganisha handaki la upepo na tangi refu la udongo lililosheheni vihisio, ili hewa na ardhi vipimwe kwa pamoja, kila kimoja kikimwangalia mwenziwe. Usiwaonee wivu. Nao wanagombana na kingo: ule upande wa udongo unaokutana na upepo kwanza hukauka mapema kuliko wa nyuma, kwa sababu gari linalomfikia wa nyuma limeshapakia njiani.

Kuandika ripoti bila kuzamisha ziwa

Sasa una namba. Mkono unawasha kuipeleka mbali. Kabla hujafanya hivyo, fikiria Ziwa Victoria: kilomita za mraba 68,800 hivi, na maji yake mengi hayatoki kwa mto bali kwa uvukizi. Kosa la milimita moja kwa siku, ambalo kwenye bakuli lako ni gramu 8 na hakuna atakayeliona, juu ya ziwa zima ni mita za ujazo milioni 69 kila siku. Hiyo ni sehemu kubwa ya maji yanayotoka Jinja kuingia Mto Naili. Kunguru mmoja hawezi kunywa kiasi hicho. Ripoti moja inaweza.

Usidhani pia kwamba utaokolewa na akili ya kawaida. Akili ya kawaida husema dunia ikipata joto, mabeseni yatakauka upesi. Mwaka 2002 Michael Roderick na Graham Farquhar walieleza kwa nini mabeseni ya sehemu nyingi za dunia ya kaskazini yalikuwa yamepunguza uvukizi kwa nusu karne wakati joto likipanda: mawingu na vumbi la hewani yalikuwa yamepunguza mwanga wa jua. Joto lilikuwepo, mlipa nauli alikuwa ameshikwa njiani.

Kwa hiyo andika kilichotokea, si ulichotamani. Andika bakuli la upana gani, ukingo kimo gani, maji yana joto gani juu, upepo kasi gani na umepimwa wapi, taa ya aina gani, dari nyuzi ngapi. Mchoro wako ukiwa na vikwaruzo, viache. Kila kikwaruzo ni mlango uliofunguliwa, kompresa iliyowaka, dada wa usafi aliyepita.

Uogope mchoro laini. Siku moja, katika wiki ya tano, utafika asubuhi ukute mstari wa usiku mzima ulionyooka kuliko yote uliyowahi kupata: hakuna mtetemo, hakuna ngazi, unateremka kwa upole na kisha unalala tambarare kama maji ya bwawa. Utataka kuuweka ukurasa wa kwanza. Angalia kwanza soketi. Umeme ulikatika saa tatu usiku, mizani ikaendelea kusoma kwa betri yake, feni ikasimama, bomba la baridi likaacha kazi, hewa ya kabati ikajaa, na kuanzia hapo hakuna aliyepanda wala kushuka.